Kompyuta Iliyokuwa Ikizimikia Chumbani Mwangu

Nianze na mkwe wangu, kwa sababu nikianza na mimi mwenyewe hatutafika mbali. Mkwe wangu ni mtu wa Kambu, pale kwenye barabara ya Mombasa. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu, katikati ya mama wa matikiti na mtu wa tairi. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati, kwenye baridi, wakaja kufungua duka huku kwenye jua na hawakurudi. Kikamba anasikia nusu, nusu nyingine anatabasamu. Alipomwoa binti yangu, akina mama wa kanisa letu hapa Migwani waliniuliza kama mtoto wa watu wengine ataweza adabu zetu. Niliwajibu kwamba sijui. Sasa najua, na ndiyo sababu nimeketi kuandika haya, kwa kidole kimoja.

Adabu ninayosema tunaiita nthoni. Ni ile heshima ya mama mkwe na mume wa binti yake. Zamani wakikutana njiani, kila mmoja aliingia kichaka cha upande wake mpaka mwingine apite. Mama yangu mzazi aliwahi kukaa juu ya siafu kwa sababu mkwe wake alisimama njiani kuzungumza na mwenye ng'ombe, wala hakujua kuna mtu kichakani. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mama alivumilia yote, na jioni hakuweza kuketi.

Siku hizi tumelegeza. Tumeokoka, tunasalimiana kwa mbali, tunakula nyumba moja. Lakini chumba changu cha kulala mkwe haingii, hata kichwa chake hakiingii. Na mimi na yeye hatusemeshani moja kwa moja. Anamwambia binti yangu, binti yangu ananiambia, ingawa sote watatu tuko ndani ya nyumba ambayo ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Anasema, "Mwambie mama chai ni tamu." Binti yangu anasema, "Mama, anasema chai ni tamu." Mimi nasema, "Mwambie aongeze." Na kikombe chake tayari kimeshanyooshwa.

Binti yangu husema tunamchosha. Lakini mimi naona ni heshima, na huyu kijana wa watu alijifunza yote bila kufundishwa na mtu. Aliona tu jinsi ninavyogeuza uso, akaelewa.

Sasa kompyuta. Utauliza mwanamke wa darasa la tatu anataka nini na kompyuta. Nilitolewa shule kwa sababu ya punda. Baba alinunua punda wa maji, na punda anahitaji mtu wa kutembea naye, na mtu mwenyewe nikawa mimi. Sikulia. Nasema ukweli, punda alikuwa na hasira kidogo kuliko mwalimu wetu. Kusoma nilimalizia kwa Biblia na kitabu cha nyimbo, na kuandika nilijifunza kwa kunakili mistari ya Jumapili. Halafu uzee ukaja ukapinda vidole vyangu, kalamu haikai. Macho nayo yakaanza kuona herufi kama mchwa. Binti yangu ndiye aliyeniletea kompyuta ya mezani, kuukuu, na kunionyesha kwamba herufi unaweza kuikuza mpaka ikawa kubwa kama yai la kuku. Mayai nayaona vizuri.

Nilikuwa na jambo la kuandika, na lilikuwa moja tu.

Sisi tulizaliwa Mbooni, kule milimani, kwenye mashamba yaliyosimama kama ngazi. Baba alitangulia huku Migwani kutafuta mahali, kisha mama akamfuata kwa miguu. Alikuwa na mbegu za mahindi kichwani, dada yangu mkubwa wa miaka minane akitembea nyuma yake na kuku mmoja kwapani, na mimi mtoto wa mgongoni. Tulivuka mto Athi. Ni hapo Athi ndipo habari inapokatika. Shangazi yangu mmoja, mwenye mdomo, alinitupia neno siku moja tukigombania mtungi. Alisema, "Wewe unajivunia mama? Mama yako alikuacha ng'ambo ya Athi akavusha mahindi." Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilienda kumwuliza mama, akanipa kazi ya kuchambua maharagwe. Sikuuliza tena. Lakini nimetembea na neno hilo mpaka nikawa bibi. Mama amekufa, shangazi amekufa. Anayejua kilichotokea mtoni amebaki mmoja, dada yangu, aliyeolewa akarudi kule kule Mbooni.

Na dada yangu anasahau. Jioni haniiti jina, ananiita mama mboga. Lakini asubuhi akishakunywa uji, tangu saa mbili hadi saa nne hivi, kichwa chake kinafunguka na anakumbuka hata rangi ya jembe. Basi mimi nilikuwa nampigia simu saa hizo, naweka simu mezani kwa sauti kubwa, yeye anasimulia na mimi nabonyeza. Kila asubuhi ilikuwa mali. Ikipita, hakuna mtu angeweza kunirudishia.

Tatizo likawa kompyuta. Ilikuwa nzee kama sisi. Ukibonyeza herufi, inafikiri kwanza. Dada yangu ameshavuka vilima vitatu, mimi bado nangojea neno "kilima" litokee. Nikalalamika, na malalamiko yakafika Kambu.

Pasaka walikuja wote wawili. Mkwe wangu akaeleza, kupitia binti yangu, kwamba ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa prosesa, ndiyo bongo lake, na langu ni la zamani. Alikuwa na lingine lenye nguvu, kutoka kompyuta ya ofisi iliyofungwa, na lingeingia pale pale bila matata. Binti yangu akaitoa mashine chumbani, akaiweka kwenye meza ya sebuleni. Nilichungulia kutoka jikoni. Mkwe alifungua lile sanduku kama mtu anayefungua Biblia, akatoa kidude cha ukubwa wa biskuti, akaweka kingine, akapaka juu yake dawa ya kijivu kama ugoro uliolowa, akafunga feni. Kisha binti yangu akaniita nijaribu. Herufi zilianguka kama mvua kwenye mabati. Niliandika jina langu mara nne kwa furaha tu.

Wakaondoka. Binti yangu alikuwa amerudisha mashine chumbani, mahali pake pembeni ya kitanda. Sebuleni haiwezi kukaa, kuku huingia, na mbuzi mmoja amezoea. Nami nikaivalisha tena. Hapa lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa kushona vitambaa. Nyumbani kwangu kila kitu kimevaa. Viti vimevaa, redio imevaa, chupa ya chai imevaa, pipa la maji lina kofia. Vumbi la Migwani likianza ni kama unga, na kitu kisichovaa kinaonekana kama cha mtu asiye na mikono.

Siku ya pili asubuhi nilimpigia dada yangu. Tukaandika vizuri kama dakika ishirini. Kisha skrini ikawa nyeusi, na feni ikanyamaza. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka. Nilibonyeza, haikuitika. Nikaenda kuwapa kuku maji, nikarudi nikabonyeza tena, ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Lakini niliyoandika yalikuwa yamepotea. Sikujua kusevu wakati huo. Nilidhani maneno ukishayaandika yameandikwa.

Ikawa hivyo kila siku.

Mkwe wangu alifikiri ni stima. Akatuma kwa basi kisanduku cha kuituliza. Mashine ikazima, kisanduku kinawaka. Mwezi uliofuata akafunga kibanda chake, akaja mwenyewe na binti yangu, safari ya kutwa nzima. Mashine ikatolewa tena sebuleni. Akachomoa vile vipande vya memori, akavisugua kwenye meno kwa raba ya mtoto wa shule, akavirudisha. Akabadilisha kile chombo kinachogawa stima ndani. Akafuta ile dawa ya kijivu, akapaka mpya. Kisha akaiacha iimbe nyimbo za injili kutoka asubuhi mpaka jioni, na yeye ameketi mbele yake kama anayelinda mgonjwa. Haikuzima hata mara moja. Tulikula, tukaomba, ikaimba. Ikarudishwa chumbani, nikaivalisha, wakaondoka. Kesho yake, nusu saa, giza.

Hiyo kesho ndiyo siku iliyoniuma. Dada yangu alikuwa ameamka vizuri kuliko siku zote. Alikuwa ameshuka vilima, amefika kwenye mchanga wa Athi, ameniambia maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Na sasa wewe, wewe ulivushwa na—" na skrini ikazima, nami nikapiga kelele. Sikukusudia. Lakini dada yangu kule Mbooni akashtuka, halafu akauliza kama mbuzi wamenyweshwa. Nikamwambia wamenyweshwa. Nikamwuliza habari za mto. Akaniuliza mto gani.

Nililia siku hiyo. Na hasira ikanipeleka pabaya. Alhamisi, kwenye mkutano wa akina mama, niliulizwa habari za kompyuta, nikasema mkwe wangu ameniwekea bongo la ofisi iliyokufa. Mmoja akasema, "Basi linakumbuka kwao." Tukacheka. Niliwaacha wacheke. Mwingine akasema mtu wa biashara hawezi kukupa kitu kizima bure, na hapo pia sikumkanya, mimi ambaye nimemwona huyo kijana akisugua vyuma vyangu kutwa nzima bila hata kuomba maji. Naliandika hili kwa sababu nimeamua kuandika ukweli, si kwa sababu napenda kulisoma.

Akina mama hao wakaja nyumbani kuniombea. Wao chumbani wanaingia. Wakaizunguka kompyuta, ikiwa imewashwa, na mmoja mwenye karama akaweka mkono juu yake akasema, "Nasikia joto." Sote tukasema amina. Hata kabla ya maombi kuisha, ikazima. Tukakubaliana kwamba vita ni vikali.

Mkwe akaomba apelekewe Kambu, binti yangu akaja kuichukua. Ilikaa huko wiki tatu kwenye meza yake, mchana kutwa inafanya kazi kwenye lile joto la barabarani, na kila jioni binti yangu alinitumia picha yake kwenye simu, inawaka. Mama wa matikiti naye akaizoea, akawa anauliza "ile ya mama mkwe" imeamkaje. Haikuzima. Ikarudi Migwani, nikaivalisha, ikazima.

Wakati huo maneno yangu ya Alhamisi yalikuwa yameshafika Kambu. Binti yangu aliniambia kwa simu, kwa sauti ile ya chini ya mtoto anayemwonea mzazi aibu. Nilimwuliza mume wake amesema nini. Akasema, "Amesema hawezi kulala na kitu asichokielewa. Tunakuja Jumamosi."

Sasa hiyo Jumamosi. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo wa kufunga macho. Mkwe wangu hakuleta chombo chochote, alileta mikono tu. Akamwambia binti yangu kwamba safari hii mashine isitolewe. Ibaki pale pale inapokaa, na mama afanye kama anavyofanya siku zote, yeye atasikiliza. Akaketi sebuleni kwenye kiti cha karibu na mlango wa chumba. Mimi nikawa chumbani, pazia katikati, binti yangu amesimama kwenye pazia kama karani wa korti.

"Mwambie mama aiwashe, aandike tu."

"Mama, washa, andika tu."

Nikaandika majina ya mbuzi wangu, na walipoisha nikaandika ya jirani. Nilimsikia mkwe akipumua. Baada ya muda nikasikia pia feni ya mashine, ikipanda sauti, ikipanda, kama mwanamke anayekimbilia basi. Halafu ikazima.

"Imezima," nikaliambia pazia.

Kisha akasema, "Mwambie aweke mkono nyuma ya mashine, pale penye matundu, aniambie kama hewa inatoka."

Binti yangu hakuwa amefungua mdomo nilipojibu. "Mwambie angoje kidogo, niinue kitambaa."

Nilisikia upepo ukivuta bati.

"Kitambaa gani, mama?"

Hakumwambia binti yangu. Aliniambia mimi. Tangu amwoe mtoto wangu hajawahi kunielekezea neno, na mimi, badala ya kuona aibu, nilimjibu kama mtu aliyeulizwa njia.

"Cha kompyuta," nikasema. "Nilichokishona. Na nailoni yake."

"Iko na nailoni?"

"Chini ya kitambaa. Ya vumbi."

Nilipoinua vyote viwili, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ukiifunua. Nikaweka mkono nikautoa haraka. Nikamwambia ni moto. Na binti yangu akaketi chini pale pale mlangoni, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Mimi nimekivua hicho kitambaa mara tatu kwa mikono yangu," akasema, "nikakikunja, nikakiweka kitandani, nikatoka na kompyuta." Na kweli. Sote tulikuwa tumekiona. Lakini ni nani anayeona kitambaa kwenye nyumba yangu? Ni kama kuulizwa kama nyumba ina paa. Nacho kila mara kilibaki kitandani, mashine ikaenda kuchunguzwa uchi, ikawa nzima, ikarudi ikavaa, ikaugua. Mtu pekee ambaye angekiona akashtuka ni yule ambaye kwa heshima yangu hakuweza kuvuka mlango.

Mkwe hakucheka. Alieleza polepole, sasa akinisemesha mimi, pazia likiwa bado limefungwa. Bongo la zamani lilikuwa la pole, halikutoa jasho, kwa hiyo kitambaa hakikulidhuru. Hili jipya linakimbia, na anayekimbia lazima apumue. Feni ilikuwa inasukuma joto nje, joto linagonga nailoni, linarudi ndani. Likizidi kipimo, mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Ikipoa, inakubali kuwaka.

Nilisema, "Kwa hiyo ulikuwa umenipa kitu kizuri."

Akasema, "Kosa ni langu, mama. Nilichunguza mashine siku zote hizo, sikuuliza inaishi vipi."

Nimewahi kusikia watu wakisema samahani wakiwa na makosa. Huyu hakuwa nayo. Mimi ndiye nilikuwa nayo, na yeye alijua nilichosema Alhamisi ile, na alikuja. Nilisimama pale nimeshika nailoni, nikasema kupitia pazia, "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele ya watu. Nitakurudishia heshima yako mbele ya hao hao." Nilisikia kiti kikilia, akatoka nje kuangalia mbuzi, na nilijua anajipangusa macho, kwa sababu hakuna mwanamume wa Kambu anayetaka kuangalia mbuzi wa Migwani kwenye upepo wa mwezi wa nane.

Kabla hawajaenda aliniachia maagizo mawili: mashine ikae mkono mmoja kutoka ukutani, na kila mwezi nipulize vumbi kwa pampu ya baiskeli. Kitambaa aliomba apewe. Kiko Kambu, kwenye kiti cha wateja, na mama wa matikiti huwa anakuja kukikalia.

Alhamisi nilisimama nikasema yote, kitambaa, nailoni na ulimi wangu. Yule mwenye karama akasema, "Lakini mimi si niliwaambia nasikia joto?" Tukamkubalia, alisema.

Nthoni hatukuiacha. Tumerudi kule kule, mwambie mama, mwambie mume wako. Lakini sasa akipiga simu kuhusu kompyuta, ananisemesha mwenyewe.

Dada yangu ilichukua asubuhi nyingi kurudi mtoni. Nilikuwa nikimpeleka mpaka kwenye mchanga, anageuka. Sikumsukuma. Nilijifunza kusevu kila baada ya mstari, na kunyamaza. Halafu siku moja, uji hata haujaisha, akaanza mwenyewe.

Alisema mama alituketisha kwenye jiwe, akasema, kaeni hapa, mbegu zikilowa hatuna kesho, nazipeleka kisha nawarudia. Akakuweka mapajani mwangu, dada akasema. Akavuka. Alipofika ng'ambo na kuutua mzigo, mimi niliona amekuwa mdogo sana kule, nikaogopa. Nikakufunga mgongoni kwa nguo yake, nikamshika kuku, nikaingia. Maji yalinifika hapa. Mama akageuka akatuona, akaacha mbegu, akarudi majini na nguo zake zote. Alitushika sote wawili. Tulipofika alinichapa, halafu akaketi kwenye matope akalia, na sijawahi kumwona akilia tena.

Mashine ilikuwa inapumua kando yangu, haivai kitu. Nilikuwa nimebonyeza neno kwa neno na machozi yananidondokea kwenye kibodi, lakini sikutoa sauti. Nikamwuliza dada yangu, taratibu, kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Hukuniuliza," akasema. "Na kuku wangu alienda na maji. Nilikufunga kwa mikono miwili, nikamwachilia. Hakuna mtu amewahi kuniuliza habari za huyo kuku."

Nikamwuliza alikuwa wa rangi gani. Akasema mwekundu, mwenye madoadoa shingoni, na alikuwa karibu kutaga. Nikaandika hivyo, kwa herufi kubwa, nikasevu, na bado ilikuwa saa tatu tu.